Hatua Sita za Vigae

Usiku kucha Brigita aliikodolea macho simu, kwa kuwa fundi wa vifaa vya miguu alikuwa ameahidi kumjulisha mzigo wa vifaa hivyo kutoka Dar ukifika. Ujumbe uliingia alfajiri, na kufikia saa mbili Brigita alikuwa klinikini na bintiye Joanitha, ambaye tangu alipougua mgongo unyayo wake mmoja ulilegea, vidole vikawa vinaburuzika chini. Fundi huyo hutundika vifaa vyake ukutani kwa misumari, na kile kigumu cha plastiki cha kushikilia unyayo hukipigapiga kama mtu anayempigapiga begani mkwe aliyemaliza mahari. Kila mgonjwa humvalisha hicho hicho, humtembeza hatua sita juu ya vigae, hufumba macho kusikiliza mlio wa hatua, kisha hutangaza, "Safi," hata kama mgonjwa ameng'ang'ania ukuta.

"Baba, na hiki laini cha mpira je?" Brigita aliuliza. "Mwanangu anaanika dagaa Kibirizi. Kule ni mchanga mtupu."

"Mama, mtaalamu hapa nani?"

"Ni wewe, baba. Ila mchanga ni wetu."

Fundi aliguna. Alivua kiatu chake kinachong'aa, akajifunga kile kigumu mwenyewe, akatoka uani kwenye mchanga wa ujenzi ili amkomeshe mama huyu. Hatua ya tatu alipepesuka, akapiga goti. Alijipangusa polepole bila kumtazama mtu, akarudi ndani kuchukua kile laini. Mlango wa uani aliuacha wazi.

"Binti," akasema, "njoo tukijaribie huko nje."