Bi Pasi na Mashine Iliyopoa

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mtaani wanamwita Bi Pasi. Kupiga pasi anapiga kuliko mtu yeyote ninayemjua, lakini jina hilo limetokana zaidi na mkono wake. Hawezi kuona mkunjo akauacha. Akisimama na mtu dukani, anazungumza naye huku anamnyoosha kola. Kuna jirani aliwahi kuja kumgombeza kwa sababu ya maji machafu yaliyopita mlangoni kwake. Wifi akamsikiliza huku anamlainisha shati begani, na yule bwana akasahau nusu ya matusi aliyokuja nayo.

Nilihamia kwake mume wangu alipopata kazi ya mbali, nami nikiwa mjamzito. Mwanangu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata nguo zilimvaa yeye. Wifi mwenyewe hakujaliwa kupata mtoto. Aliolewa, akaachwa, akarudi na sanduku na beseni la kufulia. Ukimuuliza anakujibu, "Yeye kabaki na kitanda, mimi nikaondoka na beseni. Sasa nani kala hasara?" Halafu anacheka peke yake, na wewe huulizi tena.

Kwa beseni hilo alifua nguo za watu mpaka vifundo vya vidole vikavimba. Ngumi hawezi kufunga. Chupa ya mafuta namfungulia mimi. Alikuwa karibu kuacha kazi ndipo mama mmoja aliyekuwa akimfulia alipohama, akamwachia mashine ya kukaushia nguo. Ilikuwa ya nyumbani tu, si yale madude ya biashara. Nyeupe, mlango wa duara, imechubuka ubavuni. Tuliiweka ukumbini, nje kidogo ya chumba changu, na bomba lake la kutolea hewa ya moto likapitishwa kwenye tundu la ukuta.

Kwa mashine hiyo akapata kazi ya mashuka ya nyumba ya wageni iliyo ng'ambo ya barabara. Asubuhi mafurushi yanakuja, alasiri yanarudi yamekauka na kunyooshwa. Tunakanyaga mashuka kwa miguu ndani ya beseni, kisha tunayakamua wawili, mimi nasokota huku, yeye kule ameubana upande wake kwapani kwa kuwa vidole havishiki. Yakishaacha kuchuruzika yanaingia kwenye mashine. Kazi hiyo ndiyo iliyotuweka mjini sote watatu, maana kazi ya mume wangu ilikuwa haijaleta kitu zaidi ya salamu.

Msimu wa mvua ulipoingia, mashine ikaanza kuchoka. Zamani shuka lilikuwa linakauka kabla sijamaliza kumnyonyesha mtoto. Sasa namnyonyesha, analala, anaamka anataka tena, pipa la mashine bado linazunguka. Nguo zinatoka za moto lakini zina majimaji, kama mtu aliyetoka kukimbia.

"Wifi, mbona siku hizi inachelewa?"

"Umeme mdogo huo. Hata taa huioni inavyosinzia?"

Taa nilikuwa naiona, na sikuona ikisinzia. Nilichokiona ni kioo cha dirisha la chumbani kwangu kinavyotoka jasho mashine ikiwaka, na rangi ya ukuta inavyovimba. Nikafikiri ni mvua.

Siku moja meneja wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, furushi mkononi. Ni kijana mpole, anavua viatu hata akiambiwa asivue.

"Bi Pasi, mgeni kalalamika. Shuka lilikuwa na harufu ya ubichi."

"Lete nilinuse."

Akanusa. Akalikunja upya.

"Mimi na wewe hatuna neno," meneja akasema. "Lakini tajiri kaniambia, likitokea tena nitafute wengine. Nimeona bora nikwambie mapema."

"Halitatokea, mwanangu."

Siku chache baadaye, asubuhi, mvua inapiga bati hadi hatusikilizani, wifi akafungua mlango wa mashine kugeuza mashuka. Akaingiza mkono, akauacha humo ndani.

"Njoo ushike."

Nikashika. Pipa lilikuwa limezunguka muda wote ule, lakini ndani kulikuwa baridi kama pua ya mbwa. Na mabeseni yote mawili yalikuwa yamejaa mashuka ya wageni.

Akaniambia nimbebe mtoto nimkimbilie fundi wa friji wa pale kona, anayeitwa Polepole. Alikuja na begi lake, anatembea kama anahesabiwa hatua.

"Polepole, umefika au bado?"

"Si unaniona hapa, Bi Pasi?"

"Naona kichwa. Nasubiri miguu."

Fundi akacheka, akapiga magoti. Alianza kwenye soketi, akachomeka testa, taa yake ikawaka. Umeme upo. Akabonyeza kile kitufe kidogo kinachogusana na mlango. "Mlango usipofunga sawasawa, mashine haizunguki kabisa. Yako inazunguka, basi mlango mzima. Mkanda nao mzima, ungekatika pipa lingelala." Kisha akachomoa kichujio, kile kiwavu kinachonasa nyuzi za nguo.

"Hicho usikisumbue," wifi akasema. "Nakisafisha kuliko meno yangu."

Ilikuwa kweli, kilikuwa safi, unaona upande wa pili. Fundi akakirudisha, akakaa juu ya visigino.

"Hewa ya moto inatokea wapi?"

Wifi akaanza kulainisha kitambaa kilichokuwa juu ya mashine, ambacho hakikuwa na mkunjo.

Fundi akaivuta mashine kutoka ukutani. Bomba halikuwa kwenye lile tundu la kwenda nje. Tundu lilizibwa kwa matambara. Bomba lilikuwa limekunjwa, likapita sakafuni chini ya pazia, likaingia chumbani kwangu mpaka nyuma ya kitanda. Mdomoni lilivishwa stokingi, imefungwa kwa uzi. Ile stokingi ilikuwa imejaa manyoya ya nguo, ya kijivu, imevimba kama paka aliyeshiba. Fundi alipoifungua, tukakuta bomba lenyewe limejaa hivyohivyo mpaka ndani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," wifi akasema. "Mtoto alikuwa anatetemeka. Hujui alivyokuwa, hata kulia hawezi. Joto lote lile linakwenda kuwapasha moto wapita njia, na mtoto yuko hapa anapoa. Nikaliingiza ndani. Stokingi niliweka ili vumbi lisimwingie kifuani."

Nilikuwa najua bomba liko chumbani. Zile wiki za kwanza nilikuwa nalala nimeuegemeza mgongo upande ule, namweka mwanangu kifuani, na joto lile lilikuwa kama mtu wa tatu aliyetukumbatia. Kwamba lilikuwa linaikaba mashine sikujua, na wifi hakujua.

"Hewa ikikosa pa kutokea inarudi ndani," fundi akasema, bila kumgombeza. Alikuwa ameshafungua bati la nyuma. "Kwanza nguo hazikauki, maana unyevu hauna njia. Halafu joto linajaa, linajichoma lenyewe. Hii hapa ni fyuzi ya joto. Kazi yake ni kukata kabla nyumba haijaungua, na imekata. Ingekuwa hiyo peke yake ningefurahi, ninayo begini. Lakini tazama huku."

Akatuonyesha waya wa joto, uliojisokota kama springi ya kitanda. Ulikuwa umekatika katikati, ncha zake nyeusi.

"Weka mwingine," wifi akasema.

Fundi akapiga simu huku na kule, amesimama mlangoni anaangalia mvua. Kila alipotaja aina ya mashine, upande wa pili walikuwa wanacheka au wanakata. Akarudi. "Hizi wameacha kuzitengeneza zamani. Vipuri hakuna."

"Basi unganisha huohuo."

"Bi Pasi, waya wa joto ukishakatika na kuungwa..."

"Unganisha, Polepole. Meneja anakuja alasiri."

Akamtazama wifi, akayatazama yale mabeseni. Akasokota ncha mbili kwa koleo, akabadilisha fyuzi, akarudisha bomba kwenye tundu la nje baada ya kulikung'uta. Yale manyoya tuliyoyatoa yalijaza ndoo. Tukaingiza mashuka. Mashine ikanguruma. Wifi akaweka shavu kwenye mlango, akafumba macho.

"Inapata," akasema. "Wifi, njoo. Inapata moto!"

Kweli ilikuwa inapata. Mashuka ya kwanza yalitoka makavu kabisa, yananukia usafi, na sikuamini ilivyochukua muda mfupi. Wifi aliyakunja haraka haraka, anamtania fundi kwamba atamtafutia mchumba, asiwe na haraka tu kama kawaida yake. Fundi hakucheka sana. Alikuwa amekaa pale sakafuni, mkono karibu na plagi, anasikiliza.

Ya pili hayakufika mwisho. Tulisikia mlio kama kijiti kinavunjika, kisha harufu. Fundi alichomoa plagi kabla sijajua kinachotokea. Alipofungua, moshi mwembamba ulitoka. Manyoya yaliyosalia ndani yalishika cheche, na cheche zilitua kwenye shuka. Shuka la wageni, jeupe, likawa na alama ya kahawia katikati, upana wa kiganja, na ukiigusa inapukutika.

"Bi Pasi," fundi akasema. "Nikiigusa tena nitakuwa nakudanganya. Na mtoto yumo humu."

Wifi alitikisa kichwa kumkubalia. Fundi akakusanya vifaa vyake. Siku hiyo aliondoka upesi.

Hatukukaa. Tulifunga kamba ukumbini, jikoni, chumbani kwangu juu ya kitanda, tukaanika tulipopata nafasi mpaka nyumba ikawa kama kambi. Wifi akawasha pasi akaanza kunyoosha mashuka mabichi. Pasi inafoka, mvuke unapanda, shuka linakakamaa kidogo, akilitundika linalegea tena. Yaliyokuwa mazito nilimsaidia kukamua upya. Safari hiyo upande wake ulikuwa unamponyoka, hata kwapani haukai. Akajaribu kuung'ata kwa meno.

"Wifi, acha. Utaumia."

"Wewe sokota."

Nikasokota. Nikawa nasokota taratibu ili nisimvute.

Meneja alikuja alasiri, akavua viatu, akapita akiinama chini ya mashuka. Hakuhitaji kuambiwa. Wifi akamletea lile lililoungua, akalikunjua mbele yake, alama juu.

"Hili nimeliharibu mimi. Nimeona ulione kwanza, yasije yakakufika mengine kwa watu."

Meneja akaigusa ile alama. "Kuna mahali katikati ya mji, wana mashine kubwa," akasema. "Tajiri ameshazungumza nao. Mimi nilikuwa namzuia tu."

"Nipe mpaka wiki ijayo. Fundi anatafuta kipuri."

Nilijua fundi hatafuti. Nafikiri na meneja alijua, maana hakuuliza ni fundi gani.

"Wageni wanaingia leo, mama."

Lile neno "mama" nadhani ndilo lililomaliza. Siku zote alikuwa anamwita Bi Pasi. Wifi akaanza kuteremsha mashuka kwenye kamba. Meneja akataka kuyasokomeza kwenye gunia hivyohivyo, kwa kuwa yanakwenda kukaushwa upya. Wifi akamkatalia. Aliyakunja yote, mabichi yale, pembe kwa pembe, akiyapiga kwa kiganja mpaka yakalala, maji yanamtiririka kwenye viwiko. Meneja alisimama na soksi zake zilizolowa, anasubiri.

Alipoondoka, wifi alikaa kwenye kigoda. Nikampelekea chai. Ikapoa.

Kesho yake hakuna furushi lililokuja. Wifi aliamka wakati uleule, akajaza beseni maji, akalisimamia. Mume wangu alipiga simu, nikamweleza. Akasema tuvumilie, na salio likaisha. Baadaye wifi akaja mlangoni kwangu, mikono ameificha chini ya kanga.

"Huna kitu cha kufua?"

Sikuwa nacho. Nilikuwa nimefua nepi zote jana yake. Nikachukua shati la mtoto lililokuwa safi, limekunjwa kwenye kikapu, nikampa.

"Limechafuka hili," nikasema.

Akaligeuza upande huu na upande ule. Doa hakuliona, wala hakuuliza. Alikwenda kulifua taratibu sana, kashati kenyewe kalikuwa kanaenea kwenye kiganja chake, akakatundika kwenye kamba ya ukumbini, akakanyoosha kwa mikono yake miwili.

Mvua haikukatika. Jioni nilikagusa, kalikuwa hakajakauka.