Upande wa Mwenyekiti

Treni ilinishusha saa nne asubuhi kwenye kituo ambacho hadi wiki ile sikuwahi hata kukisikia, na kabla sijapata pa kutua mkoba, karani wa baraza la ardhi alikwisha kunikata maini. Nilikuwa nimefuata kumbukumbu za mashauri ya mipaka ya mashamba. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya namna watu wa pande mbalimbali wanavyoapa kwamba jiwe fulani au mti fulani ndio mpaka wao, na nilikuwa nimeandikiwa kwamba baraza hili lina mashauri matamu. Barua ya ruhusa ninayo, muhuri upo. Karani aliisoma mara mbili, akaikunja, akanirudishia.

"Ruhusa unayo, ila kumbukumbu hazipo," alisema. "Ziko kwa Mama Nukta. Siku hizi anachapia nyumbani, anasema hapa kelele zimemzidi. Mfuate. Lakini kesho ana mtihani, kwa hiyo ukimkuta amenuna usidhani ni wewe."

"Mtihani wa nini?"

"Wa kusikiliza. Wachapaji wote. Makao makuu wamekuja na mashine zao. Atakayeshindwa anapelekwa stoo ya majalada akaishi na panya."

Mama Nukta alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuchapa maneno ya watu wanaogombea ardhi. Jina hilo alipewa na wenzake kwa jinsi anavyoipiga nukta ya mwisho wa sentensi: kidole kinashuka kwa nguvu kama anaua mbu. Nilimkuta kwenye chumba cha uani, nyuma ya karakana ya mumewe, fundi wa breki. Kompyuta yake ilikuwa imevuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa. Hedifoni zilikuwa zimefungwa utepe mweusi kwenye upinde. Ukutani, kwenye msumari, karatasi kumi na moja zilikuwa zimetungwa pamoja.

"Karibu, kaka mgeni," alisema bila kuinuka. "Kama umefuata kumbukumbu, pole. Hili dude linaniua. Hebu sikiliza mwenyewe."

Nilivaa hedifoni. Kweli, ilikuwa balaa. Chini ya kila sauti kulikuwa na mngurumo, na juu ya mngurumo kulikuwa na mchakacho wa mafuta yanayokaanga. Nilipoisogeza mausi, ukasikika mkwaruzo kama wa ukucha kwenye bati. Ndani kabisa ya fujo hiyo watu wawili walikuwa wakizungumza kana kwamba wametumbukizwa kwenye pipa.

"Na umewaambia ofisini?"

Alicheka, akanyoosha kidole kwenye msumari. Zile karatasi kumi na moja zilikuwa fomu za ubovu wa kifaa, kila moja na jibu lake kwa wino wa kijani: *Kimekaguliwa. Kizima.* Katika miaka miwili walikuwa wamembadilishia hedifoni mara mbili na kompyuta mara moja. Katika kazi ile kila kinachoharibika kina fomu yake, na mchapaji anapokosa neno, kitu cha kwanza anachofanya ni kuvuta fomu. Sijui kazi nyingine ambamo mashine inasingiziwa kwa utaratibu mzuri kiasi kile.

Ila safari hii mashine ilikuwa na hatia kweli, na mimi nilikuwa na dawa mkobani. Nina kigeuzi kidogo cha sauti, kina ukubwa wa kiberiti, nilichokinunua kwa sababu nasikiliza lugha za watu kwenye kompyuta na nimechoka kubahatisha konsonanti. Nilimweleza hivi: ndani ya kompyuta hakuna sauti, kuna namba tu, na lazima kitu kizigeuze namba hizo ziwe umeme wa kutikisa hedifoni. Kompyuta kuukuu hufanya kazi hiyo humohumo ndani, jirani na feni na nyaya zenye vurugu zao, ndiyo maana anasikia mpaka mausi ikitembea. Kigeuzi kinazichukua namba zikiwa bado safi, kinakwenda kuzigeuza nje.

"Kwa hiyo ni sawa na kumtoa mtoto kwenye darasa lenye kelele," alisema.

"Hasa."

Nilikichomeka kwenye tundu la flashi, nikaiambia kompyuta ipeleke sauti huko, nikapandisha sauti ya kompyuta mpaka juu kabisa na kupunguza kwa kitufe cha kigeuzi. Nikampa hedifoni. Akazivaa, akabonyeza, akaganda. Kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Ana meno ya bandia!" alisema kwa sauti ya juu, kama wasemavyo watu wenye hedifoni. "Huyu shahidi! Yanagongana! Wiki tatu namchapa huyu mzee, sikujua! Na kuna mtu anafungua peremende. Baba! Baba njoo!"

Fundi wa breki alitokea mlangoni akifuta mikono kwa kitambaa. "Kuna nini, mama?"

"Nimepona!"

Mumewe aliacha kufuta mikono. Alinitazama mimi, akakitazama kile kiberiti, akarudi kazini. Niliona alivyotazama na sikuelewa kwa nini.

Mchana walinikaribisha mezani. Nilivuta kiti kilichokuwa karibu nami, mkono wa kulia wa mama mwenye nyumba, nikamuuliza mtihani unaanza saa ngapi. Hakujibu. Nikauliza tena. Alikuwa akitafuna, macho yake mbele. Fundi akainuka, akazunguka meza na kunishika bega.

"Kaka, hamia huku. Upande huo kuna upepo."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikahama, nikakaa kushoto kwake pamoja na mumewe, wote wawili tumebanana upande mmoja wa meza kama abiria, na upande wa pili mtupu. Nikauliza kwa mara ya tatu.

"Saa tatu kamili," alijibu papo hapo. "Kwani unafikiri nitashindwa?"

Baada ya chakula aliniruhusu nianze kusoma jalada moja huku nikisikiliza. Lilikuwa shauri la jiwe. Ndugu wawili, shamba moja, jiwe moja ambalo kila mmoja anasema mwenzake amelisogeza. Mashine ya baraza hunasa kwa vipaza sauti viwili: cha mwenyekiti kinaingia upande wa kushoto wa hedifoni, cha shahidi upande wa kulia. Karatasi aliyoichapa ilisema:

*Mwenyekiti: Endelea, shahidi.*
*Shahidi: Simjui, mheshimiwa.*

Nilidhani nimeruka mstari. Nikarudisha nyuma. Upande wa kushoto, kwa sauti ya chini lakini sasa safi kabisa, mwenyekiti alisema: "Mtu aliyeliweka jiwe hilo mara ya kwanza unamjua?"

Ukurasa uliofuata: *Mwenyekiti: Tumesikia.* Masikioni mwangu: "Mbona jana ulisema lilikuwa upande wa pili wa mfereji?" Ukurasa wa tatu: *Mwenyekiti: Jibu swali.* Masikioni: kikohozi, kisha swali refu lenye tarehe mbili.

"Umepaona pazuri?" aliuliza. Alikuwa akinisoma usoni.

"Mama, mwenyekiti huyu unamfahamu?"

"Mpya. Ana miezi minane. Wa zamani alistaafu. Yule nilimchapa miaka kumi na minne, ukimwamsha usingizini atakwambia *Endelea, shahidi*. Maneno manne alikuwa nayo: Endelea, Jibu swali, Nyamazeni huko nyuma, Tumesikia. Kazi yake ilikuwa raha."

"Na huyu mpya?"

"Ananong'ona. Nimeshaandika fomu kuhusu kipaza sauti chake."

Nilimrudishia hedifoni na nikamtazama anavyozivaa. Alizigeuza. Upande wenye herufi ya kulia aliuweka kwenye sikio la kushoto, bila kufikiri, kama mtu anayegeuza chapati... la, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake gizani. Nikamwambia polepole kwamba amezivaa kinyume.

"Zimeundwa kinyume," alisema. "Zote tatu. Nilishaandika fomu."

"Zivae kama zilivyoandikwa. Mara moja tu."

Akafanya hivyo kwa kunionea huruma. Akabonyeza. Akapandisha sauti, akapandisha tena.

"Shahidi amezimika. Kiberiti chako kimekufa."

"Mwenyekiti je?"

Midomo yake ilianza kutembea taratibu, ikirudia maneno yanayomfikia. Kwa mara ya kwanza katika miezi minane alikuwa akimsikia yule mtu, maana sasa alikuwa amemleta kwenye sikio linalofanya kazi. Macho yake yalishuka kwenye karatasi yake mwenyewe, alikojaza maneno ya mwenyekiti wa zamani. Akafunua ukurasa. Akafunua mwingine. Kisha akazigeuza hedifoni tena, akamsikia shahidi, akazigeuza tena. Nadhani alifanya hivyo mara saba au nane. Kigeuzi kilikuwa kimeondoa mngurumo wote, na sasa hapakuwa na kitu cha kusingizia.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini.

"Tulikwenda hospitali," aliniambia mimi, ingawa alikuwa akimtazama yeye. "Mwaka juzi, baada ya ile homa. Walimpima, wakasema mshipa wa sikio la kulia umekufa, haurudi. Yeye akasema kipimo chao kibovu."

"Kilikuwa kinachakacha!" alisema mkewe.

"Kilikuwa kinachakacha, mama."

Sikutaka kukubali kwamba safari yangu na vifaa vyangu vyote haviwezi kitu. Nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta na kuchanganya pande zote mbili ziwe moja, ili kila neno lipite kwenye sikio lake zima. Kwa dakika mbili ilifanya kazi vizuri, mwenyekiti akiuliza na shahidi akijibu, na yeye akichapa wote wawili, nukta zinashuka. Kisha ndugu wa pili akadakia, kama wanavyodakia siku zote watu wanaogombea ardhi, mwenyekiti akawakemea wote wawili kwa mpigo, na sauti zikarundikana kwenye sikio lile moja. Vidole vyake vikasimama hewani.

"Tena," alisema.

Tukarudia. Vikasimama palepale. Nilipunguza huku, nikaongeza kule, nikajaribu kumletea mwenyekiti zaidi ya shahidi. Tulijaribu mpaka alasiri ikaisha. Mtu mwenye masikio mawili hutenganisha fujo ile bila kujua kwamba anafanya kazi. Yeye aliifanya kazi hiyo kwa jasho na haikufanyika.

"Na mtihani ndio huo," alisema mwishowe. "Watu wawili kwa mpigo, dakika kumi. Tena ni mashine yao, hedifoni zao, na mkoba unabaki nje."

"Unaweza kuzigeuza," fundi alisema. "Uzigeuze katikati, umsikilize huyu, kisha..."

"Baba wewe, kwani nafungua gurudumu?"

Alijaribu kucheka, mumewe pia. Mimi nikarudisha zile pande mbili za sauti kama zilivyokuwa.

Asubuhi nilirudi kuaga. Treni yangu ilikuwa ya saa nne. Nilimkuta amevaa gauni la kazi, nywele amezibana vizuri, jalada la shauri la jiwe limelala mapajani. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti ilikuwa ileile.

"Hukumu ya jiwe inasomwa Jumatatu," alisema. "Watasoma kutoka kwenye karatasi zangu. Wale ndugu mmoja wao atapoteza shamba kwa sababu mimi nimeandika *Tumesikia* mahali ambapo mwenyekiti alimkamata shahidi na uongo."

"Utasema nini?"

"Sijui. Nitaingia kwa mwenyekiti kabla ya mtihani. Nitamwomba anikalie kushoto, kisha sijui." Alilipapasa jalada. "Nikiufanya mtihani, nashindwa. Nisipoufanya, nimeshindwa. Nikimwambia hili, hata stoo ya panya wanaweza wasinipe. Nimeyazungusha haya tangu jana, hakuna mlango."

"Labda watakuelewa," nilisema, na nikaona aibu jinsi neno lenyewe lilivyo jepesi.

"Labda. Treni yako ni ya saa ngapi, kaka?"

"Saa nne."

"Hutaipanda." Hakuniuliza. Alinionyesha rundo lililokuwa mezani: majalada thelathini, miezi minane yote. Juu yake alikuwa ameweka kalamu nyekundu. "Wewe una masikio mawili na una hicho kiberiti. Sikiliza upande wa mwenyekiti tu. Kila nilipoweka neno lake ambalo si lake, futa, andika alilosema. Usinionee huruma. Na ukikuta ukurasa mzima ni wa uongo, andika juu yake kwamba ni wa uongo."

"Itachukua wiki."

"Nitamwambia kazi ya kusahihisha imeanza. Angalau hilo nitakuwa nalo la kumwambia."

Fundi alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki nje. Mama Nukta aliliweka jalada kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mdomo wake fundo, akalijaribu fundo, akalifungua na kulifunga upya. Alisimama mlangoni akiwa ameipa karakana mgongo, akiitazama kompyuta yake iliyovuliwa ubavu.

"Inasikika vizuri kweli sasa," alisema. "Hilo lazima niseme."

Kisha akatoka. Nilisikia mumewe akimwambia ashike vizuri, pikipiki ikaunguruma hadi barabarani, ikabadilisha gia, ikapotea. Nilivuta kiti chake, ambacho kilikuwa bado na joto, nikavaa hedifoni kama zilivyoandikwa, nikafungua jalada la kwanza. Mwenyekiti alikuwa akimtaka mtu ataje jina lake na umri wake. Kwenye karatasi alikuwa akisema *Endelea, shahidi*. Nikachukua kalamu nyekundu.