Kusalimiana Peke Yangu

Kazi yangu ni kutengeneza watu ndani ya kompyuta. Nikimwambia mtu hivyo hapa Runyenjes ananiuliza kama naweza kumtolea fotokopi ya kitambulisho, kwa hiyo nimezoea kusema nafanya mambo ya kompyuta, basi. Namtengeneza mzee kuanzia fuvu, namvika nyama, ngozi, kope moja moja, kisha namfundisha kutembea. Wiki tatu zinaweza kupita nikishughulika na shingo. Naishi kwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na kuna siku ambazo sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza saa kumi jioni, nikinunua maziwa.

Sisemi haya ili nihurumiwe. Nilichagua mwenyewe. Sipendi mikutano, sipendi kuulizwa nimefika wapi, na bosi wa mwisho niliyekuwa naye Embu mjini tuliachana kwa kelele. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa, na mwaka huu nililijua hilo vizuri.

Mama mmoja wa Nairobi anayetengeneza filamu fupi alinipa wazee wawili. Ni marafiki ambao hawajaonana miaka mingi; wanakutana sokoni na kupeana mikono. Hakuna maneno. Sekunde sita tu. Nilikubali haraka, mjinga mimi.

Kupeana mikono ni kugumu kuliko kukimbia au kupigana. Ngozi inabonyea, kidole gumba kinatafuta pa kukaa, bega linashuka kidogo, na kila mkono unaujibu mwenzake. Ukitaka kuelewa mwendo wowote unajirekodi ukiufanya, kisha unaitazama video picha moja moja, zile zinazopita ishirini na nne kwa sekunde. Nimeshajirekodi nikicheka, nikipiga chafya, nikianguka kutoka kitandani. Hili lilinishinda kwa sababu linataka watu wawili, na chumbani kwangu tuko mmoja.

Nikashuka dukani nikanunua glavu ndefu ya kuzalishia ng'ombe. Nikaijaza maharagwe, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango, nikaisalimia asubuhi nzima. Nilijitahidi kuionyesha furaha. Niliwapa wale wazee mwendo huo nikautuma Nairobi.

Yule mama akanipigia. "Nyuso ni kali sana, I swear. But hii salamu... huyu mzee ni kama anashika mlango."

Sikumwambia.

Nikamwomba mwenye duka asimame nami mbele ya simu. Kwanza akanipa gota, ngumi kwa ngumi, kwani siku hizi ndiyo salamu yetu. Nilipomweleza akanipa mkono mzima, lakini alicheka mwanzo hadi mwisho huku akijitazama kwenye kioo cha simu. Nikatuma tena. Jibu likaja la maneno mawili: "Bado hawajuani."

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikajiuliza ni nani aliye hai anayeujua mkono wangu. Mama alitangulia zamani, baba alimfuata mwaka juzi. Nina kaka mmoja, analima viazi Kibirichia, kwetu Meru, naye hajanipa mkono tangu siku tulipomzika baba.

Kosa lilikuwa langu. Siku ile jeneza liliwekwa uani, na watu wakapanga foleni kumtazama baba mara ya mwisho. Ukifika unasimama kidogo, unasema lako moyoni, unapita. Nami nilifika. Jua lilikuwa linaingia kutoka kando, na kwenye ngozi ya kope za baba niliona mistari midogo ambayo nilikuwa nimeitafuta miaka mingi kwenye picha za watu wengine bila kuipata. Nikatoa simu. Nikainama, nikapiga. Nikasogea nisiuzibe mwanga, nikapiga tena. Foleni ilisimama nyuma yangu. Mpiga picha wa mazishi alikuwepo na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu alisimama mbali na alikuwa ameitwa. Aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni ni kaka.

Alisubiri hadi wageni walipoondoka. Kisha akaniuliza zile picha zilikuwa za nini. Ningeweza kusema ni za ukumbusho. Nilikuwa nimechoka, na kichwa changu kilikuwa bado kazini.

"Za ngozi," nikasema.

Alinitazama, akaenda kufungia ng'ombe. Sijawahi kuzitumia picha zile, na sijazifuta. Tangu hapo tukikutana kwenye harusi au kwa mgonjwa hospitalini ananiitikia kwa kichwa, mikono mfukoni.

Kwa hiyo sitamdanganya mtu. Nilipofunga safari ya Kibirichia kazi ilikuwa kisingizio. Nilitaka kaka anipe mkono. Nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka ile filamu, na niliona aibu kulitaka jambo dogo namna hiyo kwa umri wangu.

Mkono mtupu haulambwi, nikashuka Meru mjini nikanunua mikate miwili na sukari. Nilimkuta shambani peke yake, akivuna viazi. Aliniona nikija, akangoja nifike. "Muga," akasema, salamu ya kwetu, na akaninyooshea kifundo cha mkono, kwa vile viganja vilikuwa vimejaa udongo. Kila mtu hufanya hivyo akiwa na mikono michafu. Nikakishika kifundo. Sikuweza kujua kama ni udongo ama ni baba.

Tulikaa juu ya magunia tukala mkate bila chai. Aliniuliza habari za Runyenjes, nikamwambia kahawa imechanua. Tuliongea Kimeru, na Kimeru changu kimeota kutu, nikawa natafuta maneno kama mgeni. Mwishowe nikamweleza yote: wazee wawili, glavu, maharagwe. Kwenye maharagwe alicheka kidogo, akajizuia. Nikamwomba anipe mkono nirekodi.

"Kwa hivyo umekuja na simu tena," akasema.

"Nimekuja kukuona. Na simu pia."

Alichukua kiazi akakisugua udongo kwa kidole.

"Angalau mimi umeniomba," akasema. "Baba hakuombwa."

Nikamwambia pole. Nilikuwa nimelibeba neno hilo mwaka mzima na zaidi, na lilipotoka lilikuwa fupi mno. Yeye alikwenda kwenye mtungi, akanawa kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akajifuta kwa sweta.

"Haya. Weka hiyo kitu yako mahali."

Niliiegemeza simu kwenye gunia, nikasimama mbele yake, na kaka akanipa mkono. Ulikuwa baridi kwa maji na mkavu chini ya vidole. Nilifurahi mpaka nikaogopa. Kisha nikakumbuka kwamba jua lilikuwa nyuma yetu na huenda video imetoka nyeusi, nikasema asante, nikaenda kuangalia simu. Ilikuwa imetoka vizuri. Nilipogeuka kaka alikuwa ameshainama kwenye tuta lake. Akaniambia nisichelewe gari la Meru.

Nilirudi Runyenjes nikiwa na furaha ya mwizi. Asubuhi yake niliifungua video nikaanza kuipitisha picha moja moja, kama kawaida. Mikono inakutana. Ngozi inabonyea. Gumba la kaka linakaa mahali pake bila kutafuta. Kwenye picha ya thelathini na moja vidole vyangu vinaanza kufunguka, na macho yangu tayari yako kwenye simu. Vyake havifunguki. Vimeshika. Nikaendelea kubonyeza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kupanda kutoka kiunoni, polepole, jinsi watu wetu wanavyofanya wakitaka kukushika kwa mikono yote miwili, wakufunike kiganja. Ulipofika mimi nilikuwa nimeshatoka. Ukabaki hapo picha tisa, juu ya hewa, kisha akaushusha akaufuta kwenye suruali.

Mezani nililia bila kujificha. Hakukuwa na wa kumficha.

Kazi niliimaliza wiki hiyo. Yule mzee wangu wa kwanza hatoki. Nilimfanya angoje hadi mkono wa pili wa mwenzake umfikie, umfunike, na ndipo wanapoachana. Mama wa Nairobi aliandika kwamba sasa wanajuana, akauliza nilifanyaje. Nilimjibu kwamba kaka yangu alinisaidia.

Jumapili nilimpigia kaka. Aliuliza nimesahau nini huko kwake, maana huwa simpigii bure. Nikasema sijasahau kitu. Akangoja. Nilikuwa na la kumwambia, nililipanga tangu asubuhi, na nikamuuliza viazi vimefika bei gani.