Kopo la magadi

Leo mlenda nusura umuue mama mkwe wangu.

Kaja kututembelea hapa Nkuhungu kutoka Kibakwe. Kaingia jikoni kupika, kaona kopo lenye chengachenga nyeupe, akajua ni magadi, akatia.

Kumbe kostiki yangu ya kutengenezea sabuni!

Zote ni alkali, jamani, ila kostiki ikiingia kwenye maji inaunguza hadi nyama ya mtu.

Sufuria ikafura povu, ikawa nyeusi. Nikapiga kelele: "Mama, usionje!"

"Mwanangu, magadi nimeanza kupikia kabla hujazaliwa."

Tayari alishadondoshea mlenda kiganjani aonje. Akakitazama.

"Mbona panateleza kama sabuni?"

Namshukuru Mungu hakulamba. Nimemmwagia maji weee. Sasa tuko zahanati, kiganja kimebabuka.

Anauliza kitu kimoja tu: "Lile kopo si ndilo nililokuletea magadi?"

Ndilo.

Nimjibu nini?