Kimio Changu na Mkutano wa Kitale

Kwetu mtoto mchanga akilia bila sababu, watu wanajua anatafuta jina. Mama mzee huitwa aje, anamweka mtoto mapajani na kumtajia majina ya waliokufa, moja moja, bila haraka. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mama mzee huyo ni mimi. Shule niliacha darasa la tatu, lakini majina ninayo yote, ya upande wa mume wangu na ya kwetu, hata ya wale ambao watu wangefurahi nikiwasahau. Hapa sitaandika hata moja. Wenye majina wana wajukuu, na wajukuu wana simu.

Mwaka jana mjukuu wangu alijifungua msichana, wakamleta nyumbani Matulo. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, chai iko mezani. Nilifika jina la sita nikalala. Sisemi kusinzia, nasema kulala na kukoroma kama mashine ya posho. Na mtoto akanyamaza.

Nilipozinduka wanaume walikuwa wanabishana. Mmoja alisema mtoto amekubali jina la sita. Mwingine alisema hapana, amekubali kukoroma.

"Sasa tumwite nani, Ngrrr?" akauliza mwanangu wa kwanza, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Nilicheka pia. Lakini mtoto alirudi kwao bila jina, na mimi nilibaki na hofu. Nikilala katikati ya majina nisiamke, nani ataendelea? Hakuna hata mmoja wao anayeyajua.

Binti yangu ameajiriwa katika ofisi ya serikali Bungoma, kwa hiyo anaamini kila jambo lina fomu yake. Alinipeleka hospitali ya mjini, nikafungwa nyaya kama redio mbovu, nikapimwa usingizi. Daktari, msichana mdogo mwenye adabu, akanieleza kwamba nikilala nyama za koo zinalegea na kuziba njia, pumzi inakatika, mwili unashtuka kunirudisha, hivyo usiku kucha. Ndiyo maana mchana nalala popote. Akasema kuna mashine ya kusukuma hewa puani, na kuna upasuaji. Wengine hukatwa kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, na nyama zinazokizunguka, lakini kwanza mpasuaji atazame koo.

Binti akampigia kaka yake simu. Katika maneno hayo yote kaka alisikia "kukatwa kimio" peke yake.

Kaka huyo ndiye mwanangu wa kwanza, anauza mahindi Kitale. Jumapili baada ya kanisa aliita ukoo kwenye stoo yake, watu wakaketi juu ya magunia, tukafungua kwa maombi. Ajenda ilikuwa koo langu. Mimi mwenyewe niliwekwa karibu na mlango.

"Mashine ya nini?" akasema. "Huko kwenu mvua ikinyesha stima inapotea. Kimio kikatwe tumalize. Kisu si kitu, bana! Mimi nilisimama mbele ya kisu, sikupepesa jicho."

Ni kweli, siku ya kutahiriwa alisimama. Nilikuwepo, nikapiga vigelegele. Nilikuwepo pia aking'olewa jino, akiwa tayari baba wa watoto wanne, na daktari aliomba watu wawili wamshike miguu.

"Na miaka yake umeona?" binti akamjibu. "Hiyo dawa ya usingizi inaweza kumlaza moja kwa moja."

Kisha mwanangu akakohoa. "Basi kabla ya operesheni tuandike yale majina. Yaani, kama kitu kitatokea."

Daftari likaja haraka, nadhani lilikuwa limenunuliwa mapema. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta anayeogopa nisije nikafa. Niliona wanaoogopa daftari lisije likabaki tupu.

"Taja, mama," akasema, kalamu mkononi.

"Tuanze na wewe. Mama ya baba yako, aliyekubeba mgongoni mpaka ukajua kutembea, aliitwa nani?"

Akatazama mabati. "Si alikuwa tu... Kukhu?"

"Kukhu ni nyanya wa kila mtu. Nimeuliza jina."

Daftari likafungwa.

Walibishana wiki tatu, kwa simu na kwa miguu, kimio kikatwe au kisikatwe. Mwishowe tukaenda kwa mpasuaji hapo Kitale, mwanangu amevaa koti. Mpasuaji akaniambia nifungue mdomo, akamulika tochi. Akamulika tena.

"Mama, kimio chako kiko wapi?"

"Kilikatwa nikiwa mtoto. Kikohozi kilinisumbua, mama mmoja jirani akakikata nyuma ya jikoni, nikapewa uji baridi." Jina la mama huyo pia ninalo.

"Mama!" mwanangu akaruka. "Wiki tatu tunapigana juu ya kitu hakuna! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Mpasuaji akageuka kutazama ukuta, mabega yanamtikisika. Kisha akasema kuna nyama nyingine angeweza kupasua, lakini kwa umri wangu na presha yangu hana hakika kama itasaidia. Yeye angejaribu mashine kwanza. "Lakini koo ni lako. Wewe unasemaje?"

Tangu mambo haya yaanze sikuwa nimeulizwa.

"Ukinilaza unipasue, nitaamka?"

"Mara nyingi watu wanaamka."

Hiyo "mara nyingi" niliipima. "Nina mtoto hana jina," nikamwambia. "Nipe mashine."

Mwanangu alileta betri ya sola mwenyewe, bila hotuba. Nikivaa barakoa ya mashine hiyo nafanana na mtu wa kunyunyizia ng'ombe dawa, na vitukuu walinikimbia wiki nzima. Siku za kwanza niliing'oa na kuitukana. Mwezi wa pili nilikaa macho ibada nzima, nikasikia mahubiri yote mpaka mwisho, na nikajuta.

Wakamrudisha yule mtoto wa mjukuu wangu. Ameota meno mawili, bado anaitwa Mtoto. Nilipita jina la sita, akalia tu. La saba, la kumi. La kumi na mbili akanyamaza, akanishika kidevu. Kama hilo nililitaja kwa sauti tamu kuliko mengine, hiyo ni kazi yangu.

"Huyo ni nani?" mwanangu akauliza.

"Aliyekubeba mgongoni."

Akainamisha kichwa, akatoa daftari ndani ya koti.

"Sasa andika," nikamwambia. "Na usiandike Kukhu."