Neno Pweza Kwenye Kichwa cha Ukurasa

Mama mdogo wangu hupika vyakula vya shughuli nyumbani kwake Malindi: pilau, biriani, sambusa, na mahamri kwa mwenye kuyataka kwa sinia. Mimi hutengeneza tovuti, kazi ambayo kwa muda mrefu aliiita "ile kazi yako ya kukaa." Siku aliponitaka nimtengenezee na yeye ukurasa wake, nilijua nimepanda cheo.

Ukurasa ulitoka mzuri. Picha ya biriani ilimfanya hata mumewe, anayeila kila Ijumaa, aulize imepikwa wapi. Taabu ilikuwa kichwa cha ukurasa, yale maneno yanayotokea mtu anapotafuta kitu mtandaoni. Yeye alitaka "Karibuni Nyote", na hakutaka jingine.

"Ni adabu," alisema. "Mgeni hukaribishwa kwanza, ndipo akaulizwa shida yake."

Tukakaribisha wiki kadhaa, asije mtu. Mwishowe nikachukua simu yake, nikaandika "karibuni nyote" mbele ya macho yake. Tukaletewa kwaya, mikutano ya injili na hoteli moja ya bara. Biriani yetu haikuwepo.

"Mtu mwenye harusi haandiki karibuni nyote," nilimwambia. "Huandika kile anachokitaka. Maneno yake hayo ndiyo yawe kwenye kichwa."

"Huandika nini?"

"Twende tukawaulize."

Akavaa buibui lake, tukazunguka mtaani. Jirani wa kwanza, mwalimu wa madrasa, alisema angeandika "mpishi wa harusi Malindi". Nikafurahi. Wa pili, mama mmoja aliyekuwa akianika nguo, alifikiri sana, kisha akasema, "Mimi ningeandika: nani hupika pilau Malindi, asiyechelewa na asiyepunguza nyama."

Mama mdogo akamkazia macho. "Hilo ni dongo?"

"Ni jawabu, dada. Si umeuliza?"

Tukaandika "Mpishi wa harusi Malindi: pilau na biriani". Haukupita muda akapigiwa simu na mtu wa Watamu ambaye hajawahi kumwona. Alipomaliza kuzungumza naye, alinitazama kana kwamba nimetoa sungura kwenye kofia yangu. Akataka nimfundishe kubadilisha maneno mwenyewe, nami nikamfundisha.

Tangu hapo, kila alilolisikia alilitia mbele ya yale ya kwanza. Akatia kaimati, viazi karai, mahamri. Akatia Kilifi, Kaloleni, Mariakani, hata Ganze, ambako hana anayemjua. Mwanzoni kabisa akaweka "mpishi bora", kesho yake akaongeza "kabisa". Sokoni akasikia wageni wakiulizia pweza; pweza naye akaingia. Kichwa kikawa kirefu hata mtandao ukakikata katikati na kukimalizia kwa nukta tatu, na miongoni mwa yaliyokatwa ni neno Malindi. Akapiga simu bwana mmoja wa Dodoma, akitaka sambusa zimfikie alasiri hiyohiyo.

"Na mbona tumeshuka?" mama mdogo aliniuliza. Kweli, tulikuwa hatuonekani tena.

"Kwa sababu sasa ukurasa wako unapayuka."

Kabla hatujakipunguza, akapiga simu mama mmoja wa Kilifi. Bintiye anakuja kuposwa, na wakweze watarajiwa wanapenda pweza wa nazi. Mama mdogo alikubali kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akipika pweza. Akakata simu, akakaa kitako.

Pweza hamwezi. Anayemuweza ni mama mkwe wake, bibi aliyetoka visiwa vya kaskazini, anayeishi nyumba ya pili. Mwaka wa kwanza wa ndoa, bibi huyo alitafuna pweza wa mkaza mwana wake, akatafuna, akatafuna tena, akaomba maji. Tangu siku hiyo pweza hakutajwa baina yao.

"Kwa nini umelitia neno hilo?" nilimuuliza.

"Si ulisema tutie wanachokitafuta watu?"

"Na unachokipika!"

"Hilo hukulitilia mkazo."

Tukaenda. Tulipokwisha kumwamkia bibi, mama mdogo akaeleza yote huku akiutazama mkeka. Bibi akataka kuona kwa macho yake. Nikampa simu, akakisoma kichwa chote kwa kidole, neno kwa neno.

"Mpishi bora kabisa," alirudia. "Wa pweza."

Mabega yakaanza kumtikisika, akacheka hata akajifuta machozi kwa mtandio.

"Neno umeshalitia, mwanangu. Sasa tulipike."

Siku ya posa bibi alimfundisha kumponda pweza kwa mchi, kumchemsha kwa maji anayoyatoa mwenyewe, kisha tui jepesi kwanza na zito mwisho.

"Siku ile ulimtia chumvi mapema," alisema. "Sikukwambia, nikichelea utadhani nakusema."

"Na mimi sikuuliza, nikichelea utanisema."

Mimi nilikuwa juu ya mbuzi, nikazidi kukuna nazi ingawa ilikwisha kutosha.

Masufuria yalirudi kutoka Kilifi matupu, na mama wa binti akapiga simu kusema posa imekubaliwa na mchuzi umefutwa kwa mkate. Ndipo tukaketi watatu kukipunguza kichwa. Yakabaki haya: "Mpishi wa harusi Malindi: pilau, biriani, pweza wa nazi". Bibi alitaka pweza aje mbele. Nikamweleza kwamba wanaotafuta pilau ni wengi zaidi.

"Hawajui wanachokitafuta," alisema, lakini akakubali.

Tumepanda tena. Juu yetu imebaki hoteli moja tu. Kila Ijumaa tukishakula, bibi huniuliza tuko wapi leo, nami humsomea. Juzi alitaka kusikia na kichwa cha hao wa juu. Nikamsomea chote, na kilikuwa kirefu.

"Maskini," alisema, akavuta sahani ya tende. "Wametia kila kitu."