Zamu ya Maji

Lori la vitunguu limelala gereji hapa Karatu tangu jana, na harufu yake imenirudisha Mang'ola, kwenye kibanda cha vibarua, nikiwa mtoto, nimeinamia boksi la sabuni na kipande cha mkaa mkononi.

Nilikuwa na kitabu kimoja tu, cha msafiri aliyevuka mito saba kurudi kwao. Nilikisoma hadi nikachoka kukisoma peke yangu, ndipo nikakigeuza mchezo wa watu wawili, nikachora njia ya msafiri kwenye boksi, punje za mahindi zikawa kete. Dadu niliikata kwenye ndala kuukuu. Mto wenyewe sikuujua, nilijua mfereji wa shamba, ambako kila mkulima husubiri zamu yake ya kumwagilia. Basi nikaweka sheria: ukifika mtoni, subiri zamu ya maji, mwenzako arushe mara tatu.

Mavuno yalipokwisha, wazazi wa rafiki yangu walianza kupakia vyombo kwenye lori wahame. Nilimwomba tucheze mara moja tu, tumalize.

"We nawe!" alicheka. "Hata kwenye mchezo tusubiri maji? Msafiri wako analima vitunguu?"

Alicheza vizuri kuliko mimi. Punje yake ya mahindi ilinipita, ikafika mto wa mwisho. Mama yake akaita, kisha akaita tena kwa ukali.

"Futa hiyo sheria, nimalize."

"Sifuti. Subiri kama wengine."

Akainuka, akakimbilia lori.

Nilirusha mara zangu tatu. Kisha nikarusha ya kwake, ikatoka sita. Nikaisogeza punje yake hadi nyumbani. Alikuwa ameshinda, na hapakuwa na wa kumwambia.